Taji la resini

Taji la resini ni kofia ya plastiki ngumu, mara nyingi yenye chembe za kioo, inayovikwa jino lililochongwa. Mwaka 1971 watafiti McLean na von Fraunhofer walipendekeza pengo la ukingoni, kati ya taji na jino, lisizidi maikromita 120. Likizidi, saruji inayoshika taji humomonyoka na jino huoza chini kwa chini. Resini nyingi za kisasa huhimili mkunjo wa megapaskali 100 hadi 200, zirkonia, aina ya kauri, takriban 1,000. Mkoani Shinyanga, Tanzania, kuna shida ya ziada: visima kadhaa vina floridi nyingi, inayotia enameli madoa ya kahawia, na enameli hiyo huliwa kwa taabu na asidi inayotangulia gundi, hivyo mshiko huweza kulegea. Aloi ya dhahabu, madini ya mkoa jirani wa Geita, hukaa ukingoni barabara, ila bei yake haishikiki.