Mashine Haihesabu Magunia

Msimu wa mavuno Rujewa, wilayani Mbarali, mashine za kukoboa mpunga hazilali. Kijana anapanda na gunia begani, anamimina juu; chini mchele unashukia turubai, pumba zinarushwa nyuma ya banda. Foleni nje inaweza kuwa ya magunia ishirini au mia mbili. Mashine haina habari. Tumboni mwake mna mpunga wa dakika hiyo tu.

Niliikumbuka siku nilipotaka kufungua faili la ramani ya Tanzania nzima kwenye kompyuta yenye gigabaiti 4 za memori. Feni ililia, kishale kikaganda, nikaishia kubonyeza swichi. Kosa langu: nilitaka magunia yote yaingie kwa mpigo.

Faili lilikuwa la XML, maandishi ambayo kila kitu kina alama ya kufungua na ya kufunga. Asili yake ni GML, iliyoanza IBM mwaka 1969 kwa mikono ya Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie. Ikazaa SGML, iliyokuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986, na Februari 1998 XML yenyewe ikapitishwa.

Tangu mwanzo visomaji vyake, yaani programu za kuisoma, viligawanyika. Vya DOM, iliyopitishwa Oktoba 1998, hujenga mti mzima ndani ya memori, na mti huo hula mara kadhaa ya ukubwa wa faili. Kumbuka kompyuta za nyumbani za siku zile zilikuwa na megabaiti 32 au 64, basi. Vya SAX vilikuwa vimetangulia. Desemba 1997 mkemia Mwingereza Peter Murray-Rust alilalamika kwamba kila kisomaji cha XML kilikuwa na lugha yake. David Megginson wa Kanada akaongoza kazi ya kuzipatanisha, na Mei 1998 SAX ya kwanza ikatoka. Humo hakuna mti. Kisomaji hupita mwanzo hadi mwisho kikinadi: alama imefunguka, maneno haya hapa, alama imefungwa. Programu huchukua inachotaka, mengine yanapita. Cha lazima kukumbuka ni alama ambazo bado hazijafungwa, na hizo ni chache hata faili liwe refu vipi. Mwaka 2004 watu wa lugha ya programu ya Java wakapata StAX, ambapo programu ndiyo inayovuta kwa wakati wake, kama mkoboaji anayefungua kilango cha mpunga kwa mkono wake mwenyewe.

Ramani ndipo mambo haya yalipotukuta. OpenStreetMap, mradi wa ramani faili langu lilikotoka, ulianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa vyuo kwenye mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko, na mwaka huohuo mradi wa Crowd2Map ukaelekea vijijini. Faili la dunia nzima, likikunjuliwa, linapita terabaiti 1. Sijui mtu mwenye akili timamu anayelijengea mti.

Lakini mkondo haurudi nyuma, na ramani inapenda sana kurudi nyuma. Chukua barabara kuu ya kwenda Zambia inayokatiza Mbarali. Ndani ya faili, barabara hiyo haijui iko wapi. Imebeba namba za nukta zake tu, na mahali pa kila nukta palishatajwa kurasa nyingi juu. Ndiyo maana faili hupangwa nukta kwanza, njia zifuate, mahusiano mwisho. Programu huziweka nukta kwenye jedwali lililobanwa, baiti 8 kwa mahali pa kila moja, hivyo nukta milioni 10 hula angalau megabaiti 80. Asiye na nafasi hiyo hulipitia faili mara mbili: safari ya kwanza huchagua njia na kuandika namba, ya pili huokota nukta zenye namba hizo.

Nilichagua safari mbili. Nilikunywa chai, nikarudi, memori ilikuwa palepale ilipoanzia. Barabara za Mbarali zote zilitoka, pamoja na njia za mashambani, faili dogo la kuingia kwenye flashi. Ndipo nikagundua sikuiambia programu ishike mifereji. Ramani ya Mbarali bila mifereji! Nikaanza tena, mstari wa kwanza.