Santuri za Kale na Masikio ya Leo

Historia ya miji ya Katanga haikuandikwa kwa wino peke yake. Sehemu yake ilichorwa katika mifuo ya santuri. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akanasa gita na sauti ya Jean Bosco Mwenda, aliyeimba nyimbo zake nyingi kwa Kiswahili. Mwaka wa 1954 Tracey alianzisha huko Afrika ya Kusini maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika. Yeye alifariki mwaka wa 1977, na mwaka uliofuata maktaba hiyo ilihamishiwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, ambako makusanyo yake yanatunzwa.

Santuri zilizouzwa madukani zilikuwa na bahati nyingine. Zile za mizunguko 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa unga wa mawe ulioshikamanishwa na utomvu wa wadudu wa Asia. Ni ngumu, lakini huvunjika kama kigae. Sindano ya chuma iliikwangua santuri kila ilipopigwa, hata wimbo uliopendwa kuliko zote ndio uliochakaa kwanza. Tena, anayeisafisha kwa spiriti huiangamiza, kwa sababu utomvu ule huyeyuka katika kileo.

Ndiyo maana fundi mwangalifu huiosha kwa maji safi, huchagua sindano inayolingana na upana wa mfuo, kisha huihamisha sauti katika kompyuta. Nakala ya kwanza huachwa kama ilivyo, pamoja na mikwaruzo yake. Kelele hupunguzwa katika nakala ya pili tu.

Kanuni hiyo ina sababu kubwa. Wapo mafundi wa likembe wanaofunga vipete vya chuma kwenye ndimi za ala hiyo, ili kila noti ifuatwe na mvumo. Kwa msikilizaji mgeni mvumo huo ni kasoro. Kwa mwenye ala ndio utamu wenyewe. Mtambo wa kusafisha sauti, ukiongozwa na asiyejua, huweza kufuta kile ambacho mpigaji alikusudia kisikike. Hatari hiyo imo pia katika maneno: mwandishi aliyezoea Kiswahili sanifu peke yake huweza kusahihisha neno la Kiswahili cha Katanga, na papo hapo akapoteza ushahidi wa lugha.

Kwa hiyo, kuhifadhi sauti si kazi ya mafundi wa mitambo tu. Jina la mwimbaji, mtaa alikoimba, na maana ya fumbo lake hayamo katika mfuo. Yamo katika kumbukumbu za wazee waliocheza nyimbo hizo ujanani, na idadi yao inapungua kila mwaka. Santuri iliyotunzwa vyema yaweza kumngoja fundi. Maelezo ya wazee hayana budi kukusanywa sasa, na kazi hiyo inawahusu kwanza wanafunzi wa Kiswahili.