Gari la Fahari Lililokwisha Muhula: Tarehe ya Biashara ya Magari Yaliyotumika Marekani

Katika biashara zote zilizozaliwa na karne ya ishirini, ni chache zilizosemwa vibaya huko Marekani kama biashara ya magari yaliyokwisha tumika. Na kwa kuwa lawama haikosi asili yake, imetupasa tuitazame tarehe ya biashara hiyo tangu chimbuko lake, tupate kujua ni kwa njia gani watu waliokuwa wakidhaniana ubaya walifika hatimaye kuandikiana hati na kupeana dhamana. Nimechagua kuifuata habari hiyo kwa mfano wa gari la aina moja, yaani stesheni wagoni la fahari, lile gari refu lenye paa lililonyooka mpaka nyuma na mlango mkubwa wa mizigo, ambalo mtu hulikodi kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu, akalirudisha, kisha likapelekwa yadini kuuzwa kwa mwenye kulitaka. Ndani ya gari hilo moja zimekutana tarehe tatu: ya gari lenyewe, ya ukodishaji, na ya sheria zilizowekwa kumlinda mnunuzi.

Stesheni wagoni lilianza maisha yake katika utumishi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, wenye hoteli na wenye mashamba makubwa ya mashariki ya Marekani waliwaagiza maseremala waunde bodi za mbao juu ya fremu za magari, hasa ya Ford Model T, ipatikane nafasi ya kuwachukua wageni na masanduku yao kutoka stesheni ya reli. Mwaka 1923 kampuni ya Star, iliyokuwa chini ya William Durant, ilianza kuyauza magari ya namna hiyo yakiwa yamekwisha undwa, na mwaka 1929 Ford naye akatoa lake juu ya Model A, mbao zake zikitoka katika viwanda na misitu ya kampuni hiyo huko Iron Mountain, katika jimbo la Michigan. Mbao hizo ndizo zilizokuwa mbavu za gari, nazo zilitaka kuangaliwa: viungo vililegea vikalia njiani, maji yalipenya, na mwenye gari hakuwa na budi kuzikwangua na kuzipaka vanishi upya mara kwa mara, kama nahodha apakavyo sifa jahazi lake kabla ya msimu. Kwa hiyo gari hilo lilikuwa la wenye nafasi, waliokuwa na watumishi wa kulishughulikia.

Chuma ndicho kilicholitoa katika majumba ya matajiri na kulileta kwa watu wa kawaida. Mwaka 1946 kampuni ya Willys-Overland ilitoa Jeep ya namna hiyo yenye bodi ya chuma kitupu, iliyochorwa na Brooks Stevens. Mwaka 1949 Plymouth ikafuata na Suburban yake. Na ilipofika mwaka 1953, Buick ilikuwa imetoa wagoni la mwisho la Kimarekani lililoundwa kwa mbao za kweli. Katika miaka hiyo ya baada ya vita, familia zilipohamia vitongojini mwa miji kwa maelfu, gari hilo likawa chombo cha nyumba: watoto nyuma, mizigo juu, mbwa mlangoni. Lakini ufalme wake haukudumu. Sheria ya mwaka 1975 ya kupunguza matumizi ya mafuta iliyabana magari makubwa ya abiria kuliko ilivyoyabana yale yaliyohesabiwa kuwa malori madogo. Chrysler ikaleta magari yake ya familia yenye umbo la kisanduku kwa mwaka wa 1984. Baadaye yakaja magari marefu ya kwenda juu yanayopendwa hata leo. Na mwaka 1996 General Motors ikafunga kazi ya mawagoni yake makubwa ya Chevrolet na Buick.

Lilipokuwa likipoteza cheo kwa Wamarekani, gari hilo lilikuwa likipandishwa cheo na watu wa Ulaya. Volvo ya Uswidi, iliyokuwa imekwisha toa Duett mwaka 1953 kwa mafundi na wauza duka, ilitoa 145 mwaka 1967, gari la mraba lililopata wapenzi wengi Marekani kwa ajili ya sifa yake ya usalama. Mwaka 1977 Mercedes-Benz ilionyesha mjini Frankfurt wagoni lake la kwanza lililoundwa na kiwanda chenyewe, ambalo lilikwenda kuundwa Bremen, nalo lilikuwa na mfumo wa mafuta na gesi ulioinua nyuma ya gari kila liliposheheni, ili likae sawa. Hata BMW, iliyochelewa, ilisukumwa na mfanyakazi wake mmoja, Max Reisböck, ambaye mwaka 1984 alikata na kuunga gari dogo la kampuni hiyo kwa mikono yake ili aipatie familia yake nafasi. Wakubwa wake walipoliona walikubali, na mwaka 1987 gari hilo likatolewa rasmi. Tangu hapo wagoni la Kijerumani au la Kiswidi likawa gari la daktari, la mwanasheria, la mtu mwenye mali asiyependa kujionyesha. Na gari la mtu wa namna hiyo, lenye bei kubwa linapokuwa jipya, ndilo gari ambalo wengi hawalinunui bali hulikodi.

Kabla ya kuueleza ukodishaji, yafaa tueleze soko ambalo gari hilo huishia. Magari yalipoenea Marekani katika miaka ya 1920, mnunuzi wa gari jipya alianza kuja dukani na gari lake kuukuu akitaka lihesabiwe katika bei, na muuzaji akajikuta na uwanja uliojaa magari ya watu wengine ambayo lazima ayauze. Ndipo ilipozaliwa haja ya kujua thamani: mwaka 1926 Les Kelley wa Los Angeles akachapisha kitabu cha bei cha Blue Book, kilichokuja kuwa mizani ya wauzaji na wanunuzi nchini kote, na mwaka 1945, katika mji mdogo wa Manheim huko Pennsylvania, ukaanzishwa mnada wa magari kwa ajili ya wafanya biashara peke yao, ambamo dalali hunadi kwa ulimi wa kasi na gari hupita mbele ya macho kwa muda mfupi mno.

Lakini bei si hali. Kitabu kiliweza kusema gari la mwaka fulani lina thamani gani, wala hakikuweza kusema kama gari hili, lililo mbele yako, lilipinduka mwaka jana. Hapo ndipo ghushi ilipopata mlango. Walikuwapo waliorudisha nyuma kipimo cha maili, na waliotia machujo ya mbao katika giaboksi ili yazimishe kelele mpaka mnunuzi afike kwake. Na aliyedanganywa hakuwa na la kushika, kwa kuwa neno la muuzaji halikuandikwa popote. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza jambo hilo katika makala iliyokwisha kataliwa na majarida matatu kabla ya kuchapishwa: kwamba pale muuzaji ajuapo na mnunuzi asijue, mnunuzi hukataa kulipa bei ya gari zuri kwa kuogopa asije akapewa bovu, na kwa kuwa hapewi bei ya haki, mwenye gari zuri huliondoa sokoni, wakabaki wenye mabovu, na soko zima likaharibika. Kwa makala hiyo na kazi zake nyingine alishirikishwa katika tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Maana yake ni nzito: uongo wa muuzaji mmoja humdhulumu hata muuzaji mwaminifu aliye jirani yake.

Sheria zilikuja polepole, moja baada ya moja. Mwaka 1958, kwa juhudi za Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, kila gari jipya lililazimishwa kubandikwa bei yake kiooni. Mwaka 1972 Bunge la Marekani liliharamisha kuchezea kipimo cha maili, na kumtaka muuzaji ampe mnunuzi hesabu yake kwa maandishi wakati wa kuhamisha mali. Mwaka 1975 likaiamuru Tume ya Shirikisho ya Biashara itunge kanuni ya magari yaliyotumika, na tume ikachukua miaka mingi kuitunga. Kanuni iliyotolewa mwaka 1981 ilikuwa na sharti moja lenye insafu kuliko yote: kwamba muuzaji abandike kiooni karatasi, na katika karatasi hiyo aandike kasoro kubwa azijuazo. Sharti hilo liliwachukiza wauzaji; wakalia kwa wabunge wao, na mwaka 1982 Bunge likaitangua kanuni nzima. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ikahukumu kwamba utanguzi wa namna hiyo ni kinyume cha katiba, na kanuni ikarudi mezani kwa tume; lakini ilipotolewa tena mwaka 1984, ikaanza kufuatwa mwaka 1985, sharti la kutaja kasoro lilikuwa limekwisha ondolewa.

Karatasi iliyobaki ni hiyo inayoonekana mpaka leo katika karibu kila yadi ya Marekani. Juu yake yameandikwa kwa herufi kubwa maneno ya kumwambia mnunuzi kama gari linauzwa jinsi lilivyo, bila dhamana yoyote ya muuzaji, au kama lina dhamana. Na kama linayo, ni sehemu gani ya gharama ya vyombo na ya kazi ya fundi atakayoilipa muuzaji. Humwonya mnunuzi asitegemee ahadi ya mdomo, na kumshauri aombe ruhusa ya kulipeleka gari kwa fundi wake mwenyewe. Ni karatasi yenye manufaa makubwa. Lakini husema kasoro italipwa na nani, isiseme kasoro ni ipi.

Pengo hilo lilizibwa kwa kiasi fulani na ukodishaji, ijapokuwa haukuanzishwa kwa nia hiyo. Mwaka 1939 Zollie Frank, muuza Chevrolet wa Chicago, alianza kuyakodisha magari kwa makampuni yaliyokuwa na wachuuzi wa kuzunguka miji. Na kwa miaka mingi mambo yalibaki hivyo, ukodishaji ukiwa shughuli ya makampuni. Mwaka 1986 sheria mpya ya kodi iliondoa msamaha uliompa mtu binafsi nafuu kwa riba ya deni la gari, na watu wengi, hasa wapenzi wa magari ya fahari, wakaona heri kukodi. Hesabu yake ni nyepesi kuifahamu: gari hukadiriwa tangu mwanzo litakuwa na thamani gani mwisho wa muhula, na mwenye kulikodi hulipa ile tofauti tu, pamoja na riba; nalo gari la fahari hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake katika miaka yake ya kwanza. Hutakiwa asipite kiasi cha maili kilichowekwa, aghalabu baina ya 10,000 na 15,000 kwa mwaka, na hutozwa kwa kila mkwaruzo uliozidi uchakavu wa kawaida.

Basi katika miaka ya 1990 mihula ilipoanza kutimia kwa wingi, yadi zilipokea bidhaa ambayo hazikupata kuwa nayo kabla yake: magari ya umri mdogo, yaliyoshikwa na mtu mmoja, yenye maili zinazojulikana na hati za matengenezo. Makampuni kama Lexus yaliona faida, yakaanza kuyakagua magari hayo kwa orodha ndefu, kuyatengeneza, na kuyauza kwa dhamana ya kiwanda. Hapo ilidhihiri kwamba Akerlof alisema kweli, kwa maana mnunuzi alikuwa radhi kulipa zaidi, na alicholipia ni kuondolewa shaka.

Hata hivyo mwenye busara hakomi hapo. Aliyelikodi gari hakuwa mwenyewe; alijua atalirudisha, na huenda alichelewesha mafuta ya injini kwa kuwa madhara yake yangemkuta mwingine. Tuchukue wagoni la Mercedes la E-Class la miaka ya karibuni, ambalo nyuma hubebwa na mifuko ya hewa mahali pa springi za chuma: fundi mjuzi huomba liachwe limesimama usiku kucha, na asubuhi, kabla halijawashwa, huchutama akalinganisha magurudumu ya nyuma; likiwa limeketi upande mmoja, mfuko unavuja, na kauli yote tamu ya muuzaji haitaujaza.

Habari hii haiko mbali nasi. Wagoni la Kijerumani lililomaliza muhula wake Uingereza, ambako usukani huwa kulia kama kwetu, laweza kupakiwa meli likashushwa Mombasa, na Kenya hulipokea maadamu halijapita umri wa miaka minane. Bandarini hulikuta soko lililojaa magari ya Japani yenye umri kama wake. Pwani hii nayo ilijua tangu zamani, kwa sharia ya dini, kwamba mwenye kuuza kitu chenye aibu hulazimika kuibainisha, na mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kurudisha mali na kurudishiwa fedha zake. Sharti lililoondolewa Marekani mwaka 1984 ndilo hilo hilo. Wala haliwezi kusemwa kuwa halitekelezeki, kwa sababu jimbo la Wisconsin, lenye kanuni yake lenyewe, humlazimisha muuzaji alikague gari na kuandika kasoro anazoziona, na biashara ya magari ya huko haikufa.

Kwa hiyo nasema kwa wenye kutunga sheria zetu, na kwa wenye yadi wanaojali jina lao: iwekwe karatasi moja kiooni, iandikwe kwa Kiswahili cha kufahamika, na muuzaji aandike ndani yake kasoro azijuazo na kutia sahihi. Na wewe mnunuzi, mpaka siku hiyo ifike, dai hati za matengenezo, linganisha maili zilizomo na zile za kipimo, na usitoe fedha kabla fundi wako mwenyewe hajalitazama gari.