Kuvu ya kiwavi: Dawa ya Tibet iliyozua gumzo katika riadha

MNAMO Agosti 1993, wapenzi wa riadha waliofuatilia Mashindano ya Dunia jijini Stuttgart, Ujerumani, walishuhudia jambo lisilo la kawaida. Wanawake wa China walishinda dhahabu ya mita 1,500, wakazoa nishani zote tatu za mita 3,000 na kutwaa nafasi mbili za kwanza katika mita 10,000. Aliyewafuata katika mbio hizo ndefu na kuiletea Kenya nishani ya shaba alikuwa Sally Barsosio, msichana wa miaka 15 tu. Wiki chache baadaye, Septemba 8, Wang Junxia alitimka mita 10,000 jijini Beijing kwa dakika 29:31.78 na kuipunguza rekodi ya dunia kwa takriban sekunde 42.

Kocha wao, Ma Junren, alipoulizwa siri ya ufanisi huo, alitaja mazoezi makali, damu ya kobe na kuvu ya kiwavi. Hapo ndipo watu wengi nje ya bara Asia walipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza.

Msomaji aliyezoea uyoga unaochipuka kichuguuni baada ya mvua atauona huu kuwa wa ajabu. Wanasayansi huuita Ophiocordyceps sinensis. Humea katika nyanda za juu za Tibet na kwenye milima ya Himalaya, mita 3,000 hadi 5,000 juu ya usawa wa bahari, katika maeneo ya China, Nepal, Bhutan na India. Hauoti juu ya mti wala samadi, bali ndani ya kiwavi wa aina fulani ya nondo ambaye huishi ardhini kwa miaka kadhaa akila mizizi.

Kuvu humwingia kiwavi huyo, humla polepole kutoka ndani na kumuua akiwa karibu na uso wa ardhi, kichwa kikielekea juu. Mwili wake hubaki ganda lililojaa nyuzi za kuvu. Theluji inapoyeyuka, kijiti cha rangi ya hudhurungi, chembamba kuliko penseli, huchomoza kichwani mwake na kutokeza juu ya nyasi. Watibeti huuita yartsa gunbu, yaani nyasi za kiangazi, mdudu wa kipupwe.

Tabibu wa Kitibeti, Zurkhar Nyamnyi Dorje, aliuandika katika karne ya 15. Katika vitabu vya tiba vya China ulitajwa na Wang Ang mwaka 1694. Matabibu hao waliusifu kwa kutia nguvu mapafu na figo, kuondoa uchovu na kurejesha nguvu za kiume. Wachina huupika pamoja na nyama ya bata au kuuloweka katika pombe. Sifa ya nguvu za kiume ndiyo iliyopandisha bei zaidi, na magazeti ya Magharibi hayakukawia kuubandika jina la Viagra ya Himalaya.

Baada ya Stuttgart, na hasa baada ya ugonjwa wa SARS kuitikisa China mwaka 2003, bei ilipaa. Uyoga wa daraja la juu umewahi kuuzwa Beijing kwa zaidi ya dola 100,000 za Marekani kwa kilo moja. Mwaka 2004 ilikadiriwa kwamba takriban asilimia 40 ya fedha taslimu walizopata wakazi wa mashambani katika Mkoa Huru wa Tibet zilitokana na uyoga huu. Wilayani Dolpa, Nepal, msimu wa Mei na Juni unapowadia, shule hufungwa na watoto hupanda milima pamoja na wazazi wao, kwa kuwa macho yao makali na kimo chao kifupi ni faida katika kazi ya kutambaa majanini.

Penye fedha nyingi hapakosi damu. Juni 2009, katika kijiji cha Nar wilayani Manang, wanaume saba kutoka wilaya ya Gorkha waliokwenda kuchuma waliuawa na wenyeji waliowaona kuwa wavamizi. Mwaka 2011 mahakama iliwatia hatiani wanakijiji 19.

Je, dawa hii hufanya kazi? Maabara zimeonyesha kwamba kuvu za ukoo huu zina kemikali zenye nguvu. Cyclosporin, dawa inayowasaidia wagonjwa waliopandikizwa figo, hutokana na kuvu ambayo nayo huwashambulia wadudu. Lakini hiyo ni kemikali iliyotengwa, ikapimwa na kutolewa kwa kipimo maalumu. Kuhusu mbio, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwapa waendesha baiskeli gramu 3 kwa siku za kuvu iliyokuzwa maabarani, kwa wiki tano. Stamina yao haikuimarika.

Na siri ya Ma? Mwaka 2000, wanariadha wake sita waliachwa nje ya kikosi cha Olimpiki ya Sydney baada ya vipimo vya damu kutiliwa shaka. Mwaka 2016 vyombo vya habari vya China vilichapisha barua inayosemekana kuandikwa mwaka 1995 na Wang na wenzake tisa, ikidai walilazimishwa kutumia dawa za kusisimua misuli. Rekodi ya Wang ya mita 10,000 ilidumu hadi mwaka huo wa 2016, ilipovunjwa na Almaz Ayana wa Ethiopia. Mei 2024, Mkenya Beatrice Chebet aliishusha hadi dakika 28:54.14.

Kuvu yenyewe haimo katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku michezoni. Hatari kwa mwanariadha wetu imo ndani ya chupa, kwani chini ya kanuni za kimataifa yeye ndiye anayewajibikia chochote kitakachopatikana mwilini mwake, hata kama lebo haikukitaja. Vidonge vingi vinavyouzwa kwa jina la Cordyceps huwa havina kiwavi hata mmoja. Hutengenezwa kwa kuvu nyingine za jamii hiyo zinazokuzwa viwandani. Si kosa hilo, mradi mnunuzi aambiwe. Ule wa mlimani nao una kasoro zake. Wafanyabiashara walaghai wamewahi kupenyeza nyaya za risasi ndani yake ili uzito uongezeke, na mwaka 2016 serikali ya China ilionya kwamba bidhaa ilizopima zilikuwa na arseniki miligramu 4.4 hadi 9.9 kwa kilo, ilhali kiwango kilichoruhusiwa ni 1.

Huko Dolpa, mchumaji aliyeokota wastani wa uyoga 260 mwaka 2006 aliambulia 125 mwaka 2010. Sababu moja ni kwamba uyoga mchanga, ambao haujamwaga vumbi la mbegu zake, ndio wenye bei, hivyo hung'olewa kabla ya kuzaa. Mwaka 2018 watafiti walieleza kuwa joto linaloongezeka, hasa wakati wa kipupwe, nalo linaudhuru, kwa sababu hustawi pale ardhi inapoganda. Mwaka 2020 shirika la uhifadhi la IUCN liliuingiza katika orodha ya viumbe walio hatarini, likikadiria kwamba umepungua kwa asilimia 30 au zaidi katika miaka 15.