Betri Iliyofungua PSP
Natengeneza simu na vifaa vya michezo hapa Kolwezi, Kongo. Wateja wakibishana ni mashine gani ilifunguliwa kwa ustadi zaidi, mimi husema PSP ya Sony, maana hiyo ilisalitiwa na betri yake.

PSP ilitoka Japani Desemba 2004, na Sony walitaka ikatae mchezo wowote usio na idhini yao. Lakini mafundi wa Sony wenyewe walihitaji njia ya kufufua mashine iliyokufa. Ndani ya betri mna chipu ndogo yenye namba, na PSP huisoma. Ikikuta namba ya kawaida, inasubiri uiwashe. Ikikuta F nane mfululizo, inawaka papo hapo, inaiacha programu yake ya ndani na kutii kadi ya kumbukumbu. Mwaka 2007 wadukuzi wakaijua siri hiyo, na betri ya namna hiyo wakaiita Pandora. Mwenye PSP iliyokwisha kufunguliwa aliandika namba mpya kwa programu. Asiyekuwa nayo alipasua ganda la betri na kuinua mguu wa tano wa chipu, mguu mwembamba kuliko sindano, huku seli ya lithiamu iko pembeni. Ukiitoboa hiyo, moto. Sony wakabadili ubao, na PSP-3000 ya 2008 haikudanganyika tena.

Ni Sony hao hao walioanza kuuza betri za ioni za lithiamu mwaka 1991, na betri zile zilitaka kobalti. Huku kwetu, inakochimbwa kobalti hiyo, mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika: Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ikadhoofika, na baadaye mashimo ya Mashamba yakajaa maji. Dunia ilipoanza kuililia kobalti, walioitafuta kwetu wengi walikuwa wachimbaji wa mikono wenye nyundo na mtarimbo. Mwaka 2014 ilikutwa hata chini ya nyumba za watu, mtaani Kasulo.

Mchimbaji akifikisha gunia lake sokoni Musompo, mnunuzi huelekeza kwenye jiwe kifaa wanachokiita Metorex, na kifaa hutaja kiwango cha kobalti. Bei hufuata namba hiyo. Wachimbaji wengi hawaiamini. Husema kipimo kimechezewa, na wao hawana kipimo chao cha kubishana nacho. Nikiwaeleza habari ya F nane, hawashangai hata kidogo. Wanauliza tu chipu ya Metorex iko upande gani.