Kimbunga cha Mwaka 1872

Natumaini kila darasa limekwisha kaa, na redio imewekwa mahali ambapo hata walioko nyuma wanaisikia. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni tarehe hii: 15 Aprili 1872. Iache hapo mpaka mwisho wa somo.

Juma lililopita nilitembelea darasa moja la Mtoni, Temeke. Tulikuwa tukizungumza habari za mvua. Mzee mmoja, wa umri wa babu yangu, akasema, "Mwanangu, pwani hii haina kimbunga. Vimbunga ni vya Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska. Mimi sijaviona." Kumbishia mzee mbele ya watu si adabu, basi nikamwambia, "Nimekusikia, mzee wangu. Nitakujibu redioni." Leo namjibu.

Kwanza, kusema kweli, mzee ana hoja. Kimbunga ni upepo unaozunguka kama pia juu ya bahari yenye joto. Kinachoufanya uzunguke ni mwendo wa dunia yenyewe inapojizungusha. Karibu na Ikweta nguvu hiyo ni ndogo sana. Kwa hiyo vimbunga vingi huzaliwa mbali nasi kidogo, vikaelekea Bukini na Msumbiji, na sisi vikatupita. Lakini siyo vyote.

Mwaka 1872 Sayyid Barghash alikuwa hajatimiza miaka miwili katika kiti cha usultani wa Unguja. Mji wetu wa Dar es Salaam ulikuwa karibu umeachwa. Ndugu yake, Sayyid Majid, ndiye aliyeanza kuujenga miaka ya 1860, na alipofariki mwaka 1870, Barghash hakuuendeleza. Hapa palibaki majengo machache, minazi, na vijiji. Labda ndiyo sababu hatuna simulizi nyingi za siku ile huku kwetu.

Unguja ilitajirika kwa karafuu. Bandarini majahazi yalikuwa mengi, maana Aprili ndio wakati kaskazi imekwisha na kusi inaanza, na manahodha hungojea kusi iwapeleke Arabuni na Bara Hindi. Ndipo kimbunga kikaja.

Kimbunga kina jambo moja linalodanganya watu. Upepo huvuma kwa nguvu kutoka upande mmoja, kisha ghafula hutulia, na mtu hutoka nje kutazama paa lake. Hapo ndipo katikati ya kimbunga, huitwa jicho. Jicho likipita, upepo hurudi kutoka upande wa pili. Chomekeni kijiti mchangani, kisukumeni upande huu, halafu upande ule. Mtaona jinsi kinavyong'oka.

Kwa siku moja sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja ilianguka. Merikebu za Sultani ziliharibika, na majahazi mengi yakazama au yakatupwa nchi kavu. Upande wa bara, huko Bagamoyo, majengo ya misheni ya mapadre Wakatoliki yalibomoka. Masika ya mwaka ule yalikuwa makali mpaka ndani ya nchi. Stanley, aliyekuwa akirudi pwani baada ya kuonana na Livingstone, alikuta mafuriko yamebomoa ukuta wa mji wa Simbamwene, karibu na Morogoro ya leo.

Mkarafuu hauzai mwaka unapopandwa. Hungojewa miaka sita, saba, au zaidi. Kisiwa cha Pemba hakikupigwa kama Unguja, na karafuu zilipokuwa adimu bei ikapanda, wenye mali wakakimbilia kupanda Pemba. Mama zangu mnaotia karafuu katika pilau, karafuu nyingi za Zanzibar mpaka leo hutoka Pemba. Upepo wa siku moja ulichangia hayo.

Jambo la pili ni chungu. Mashamba yale yalilimwa na watumwa. Januari 1873 Sir Bartle Frere alifika kutoka Uingereza kumtaka Sultani aikomeshe biashara ya watumwa. Barghash akajitetea kwamba kimbunga kimekwisha kuwafilisi watu wake, hawawezi kubeba hasara nyingine. Mimi sioni jinsi mikarafuu iliyoanguka inavyompa mtu haki juu ya shingo ya mwenzake. Juni 1873 alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini waliokuwa mashambani tayari hawakuachwa huru. Mikono ile ile ndiyo iliyopanda mikarafuu mipya.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 kamili baadaye, kimbunga kilipiga pwani ya kusini upande wa Lindi, na watu 34 wakafa. Tarehe zimelingana kwa bahati tu, msije mkafunga milango kila 15 Aprili! Tena Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Safari za boti kwenda Unguja zilisimamishwa, na barabara ya Lindi ikakatwa na maji huko Somanga.

Na maji hayangojei kimbunga. Desemba 2011 mvua tu ya siku chache ilijaza bonde la Msimbazi, watu kama 40 wakafa, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, Kinondoni. Mwaka mmoja nilionyeshwa kiwanja karibu na mto Kizinga, bei yake nafuu. Dalali akaapa kwamba maji hayajawahi kufika pale. Mama mmoja jirani alikuwa akichambua mchicha barazani. Hakusema neno, akanionyesha ukuta wa nyumba yake. Alama ya tope ilinifika kiunoni. Dalali hakusema uongo: yeye alihamia mtaa ule baadaye.

Kazi ya juma hili ni hii. Nendeni kwa mkazi wa siku nyingi katika mtaa wenu. Mwulizeni maji yalifika wapi, na mwaka gani. Andikeni mistari mitano, mtaje mti au nyumba iliyopo bado. Mzee wangu wa Mtoni, wewe ukae, wakufuate. Mwalimu, usifute ile tarehe mpaka kila mmoja ameinakili.