Liwati katika Fiqhi: Uharamu Mmoja, Adhabu Mbalimbali

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Wanazuoni wa madhehebu manne wamekubaliana kuwa liwati ni haramu, na kuwa nikaha ni baina ya mwanamume na mwanamke. Ama kwenye adhabu, walikhitilafiana.

Imam Abu Hanifa (aliyefariki mwaka 150 Hijria) aliona liwati si zinaa, hivyo haina haddi bali taaziri. Wanafunzi wake, Abu Yusuf na Muhammad bin Hasan, walimkhalifu, wakaipa hukumu ya zinaa. Imam Malik alisema ni rajmu. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, kauli mashuhuri ni hukumu ya zinaa.

Na kwao kinachohukumiwa kama zinaa huthibitishwa kama zinaa: mashahidi wanne waadilifu walioona kwa macho, au mtu kukiri mwenyewe. Zama za Sayyidna Umar (r.a.), watatu walitoa ushahidi wa zinaa iliyodaiwa kutokea Basra, wa nne hakuthibitisha, na hao watatu ndio waliopigwa mijeledi. Surat Nnur aya ya 4 imeweka mijeledi 80 kwa msingiziaji, na Surat Hujurat aya ya 12 imekataza kupelelezana.

Basi tujiulize, maimamu wenzetu: anayepanda mimbari akamtaja kijana wa mtaani kwa uvumi tu, aya hizo zinamhukumu nani? Hatuhalalishi haramu. Lakini kuvunja heshima ya mtu bila ya ushahidi nako ni haramu.

Wallahu aalam.